Ningekuazima Kalamu, Lakini Kiingereza Kimenizuia

Asubuhi moja mkuu wangu wa kazi, ambaye Kiswahili hakijui wala hana haraka ya kukijua, alisimama mbele ya meza yangu, akanyoosha mkono na kusema: "Would you mind lending me your pen?" Nami, kwa kuwa nililelewa nikaleleka, niliitikia "Yes!" kwa bashasha zote, nikamwinulia kalamu kwa mikono miwili. Aliurudisha mkono wake kana kwamba kalamu ile ilikuwa kaa la moto, akaniomba radhi, kisha akaenda kuazima kwa mwenzangu wa meza ya pili, huku mimi nikibaki nimeinua kalamu hewani kama mshumaa.

Jioni ndipo binti yangu, ambaye yuko sekondari na hunihurumia sana, aliponifafanulia msiba wangu. Mkuu wangu hakuwa ameniuliza kama ningemwazima kalamu. Aliniuliza kama ningeudhika kumwazima, na mimi nilimjibu, tena kwa tabasamu, kwamba naam, ningeudhika. Anayetaka kutoa anapaswa kujibu "No". Nimeishi miaka yote hii nikiamini kwamba mkarimu husema ndiyo na mchoyo husema hapana, kumbe katika Kiingereza, likishatajwa hilo neno "mind", mkarimu ndiye anayekataa. Binti yangu aliniambia kwamba hata wenye lugha huukwepa mtego huo kwa kujibu "Sure", jibu lisilolingana vizuri na swali, lakini ambalo angalau linaifikisha kalamu inakotakiwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilichunguza jambo hili kwa kinyongo cha mtu aliyeaibishwa na kitu kidogo. Katika Kiswahili, neno "ningekuazima" ni nyumba moja yenye wapangaji wanne wanaopatana: mimi, sharti langu, wewe unayeazimwa, na tendo lenyewe. Hakuna anayetangatanga nje. Sasa tazama Kiingereza kinavyowatawanya watu. Nikitaka kusema "ningalimpa angaliniomba", maneno mawili tu, mtoto wa miaka mitatu anayaelewa, inanipasa niseme: "I would have given it to him if he had asked me for it." Nimeyahesabu kwa vidole na vikanipungukia, maana ni maneno 14. Huyo anayepewa amewekwa mbali, neno la saba, baada ya "to", na ninapomfikia nimekwisha kusahau nilitaka kumpa nini.

Vitabu vya sarufi ya Kiingereza huzipanga sentensi hizi za masharti kwa namba, na vinaanzia sifuri. Sijui kitu kingine maishani ambacho watu huanza kukihesabu kabla hakijafika kimoja. Sifuri, ya kwanza na ya tatu nimezivumilia, lakini iliyonikosesha usingizi ni ile namba mbili: "If he asked me, I would give him the key." Hapo "asked" ni la wakati uliopita. Lakini hajaniomba! Huenda hataniomba kamwe! Kwa nini nizungumze kana kwamba aliniomba juzi? Maelezo niliyoyapata ni kwamba Waingereza wakitaka kutilia jambo shaka hurudi nyuma kwenye wakati uliopita, na ndiyo maana "would" lenyewe lilikuwa wakati uliopita wa "will", na "could" wa "can". Kwa hiyo mtu anayeniomba ufunguo kwa adabu husimama jana yake, kisha akanililia kutoka huko.

Halafu kuna lile jambo la ritifaa, kile kialama kinachoning'inia mahali pa herufi zilizoachwa. "If I'd known, I'd have told you." Hizo "I'd" mbili zinafanana kama pacha, lakini ya kwanza ni "I had" na ya pili ni "I would". Nilipouliza mtu atazitofautishaje, niliambiwa nisubiri neno linalofuata. Yaani hata sikio linatakiwa kuwa na sharti! Wala wenyewe hawajasalimika, kwani wapo Waingereza kwa Waingereza wanaosikia "would've" wakaandika "would of", na sijamwona mtu akiwarudishia kalamu.

Sharti tungelizoea. Balaa kubwa liko kwa huyu tunayemwita shamirisho kitondo, yaani mtu anayefanyiwa au anayepewa. Siku nyingine nilipewa fomu ndefu, nikaenda kwa mkuu wangu yuleyule nikamwambia, kwa sauti ya unyenyekevu niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo: "Would you explain me this form?" Alinielewa, lakini uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyeuma changarawe. Nyumbani nikasomewa mashtaka. "Baba, mtu hasemi 'explain me'. Sema 'explain this form to me'." Nikamuuliza mbona "show me" inaruhusiwa, na "tell me", na "give me", na "send me". Akanijibu kwamba vitenzi vyenye asili ya Kigermanik, yaani ukoo wa Kiingereza chenyewe, mara nyingi humpokea mpewaji hapo hapo mlangoni, ilhali vingi vilivyotoka Kilatini, kama "explain", "describe" na "donate", humtaka apitie kwenye "to".

Kwa hiyo kabla sijaomba msaada inanipasa niulizie ukoo wa kitenzi kama mshenga aliyetumwa kuposa. Nami nilikuwa tayari kuifanya kazi hiyo ya ushenga, ila nikagundua kwamba "offer" na "promise" nazo zina damu ya Kilatini, na bado zinasema "offer me" na "promise me" bila aibu yoyote. Nilipompelekea binti yangu ushahidi huo alinitazama kwa muda, akasema ana kazi za shule.

Eti zamani mambo hayakuwa hivi. Kiingereza cha kale kilikuwa na "hine" kwa anayetendwa na "him" kwa anayetendewa, kila mmoja na kiti chake. Baadaye "him" akakikalia na kiti cha mwenzake, "hine" akafukuzwa, na tangu hapo mpangilio wa maneno ndio unaoamua nani amepata nini. "I would give the dog the bone" ni sentensi njema. Mimi niliigeuza kidogo tu, "I would give the bone the dog", na mfupa ukapewa mbwa. Na wakati sisi tunaadhibiwa kwa makosa madogo namna hiyo, kuna maeneo ya kaskazini na katikati ya England ambako mtu husema "give it me" waziwazi, bila "to", na hakuna binti anayemsahihisha.

Sitaki kuonekana ninaisifu lugha yangu kupita kiasi. Na sisi tuna yetu. Nikisema "nimekuandikia barua", haijulikani kama barua imekuja kwako au nimeiandika kwa niaba yako kwa kuwa mkono unakuuma. Hizo "-nge-" na "-ngali-" zetu tunazichanganya wenyewe katika sentensi moja, tena walimu wakisikiliza. Lakini angalau katika kuchanganya huko mpewaji hapotei njiani.

Mwezi uliopita nilihitaji ruhusa ya siku tatu, nikaamua kuandika barua ambayo haitakuwa na kosa. Binti yangu alipendekeza nianze na "Should you be able to grant me", nikakataa katakata, maana "should" ninayoijua mimi ni ya kumwambia mtu wajibu wake, na sikutaka kumwamrisha mkuu wangu kwa maandishi. Alinieleza kwamba hapo limesimama badala ya "if". Nikamwambia hata kama limesimama, mimi ningependa likae. Tukaishia kwenye "I would be most grateful if you could kindly grant me three days' leave." Sentensi hiyo tuliijenga kwa jioni mbili. Niliikagua kama fundi anayekagua paa: "would" ipo, "could" ipo, sharti limefungwa vizuri, kitenzi nimekiulizia ukoo, na "me", yaani mimi mpewaji, nimekaa palepale ninapotakiwa kukaa, kati ya "grant" na siku zangu tatu.

Jibu lilikuja baada ya saa moja: "I would if I could." Maneno matano, hayana kosa hata moja la sarufi. Niliyasoma kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kutoka mwisho hadi mwanzo, nikijitafuta humo ndani. Yeye yumo mara mbili. Mimi simo.