Moyo Uliokataa Kushtuka Harusini

Kila asubuhi baada ya chai mimi humeza kidonge kimoja cha atenololi cha miligramu 50 kwa ajili ya presha, na kwa sababu hiyo mapigo ya moyo wangu huwa machache kuliko ya wenzangu. Daktari wangu alikwisha kunieleza kwamba moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, na kwamba dawa za kundi la beta bloka huziba vipokeo ambavyo adrenalini, homoni ya mshtuko, hutumia kuuhimiza moyo uende mbio, hivyo nikijikuta na 56 nisitaharuki. Nami sikutaharuki. Aliyetaharuki ni ukoo mzima, tena ukumbini Tanga, tena wakati bibi harusi ndiyo kwanza anaingia.

Nilikuwa nimepanda ngazi za ukumbi nikashikwa na kizunguzungu, nikaketi kwenye kiti cha karibu, ambacho kwa bahati mbaya kilikuwa cha mkwe. Mpwa wangu, muuguzi aliyehitimu juzijuzi na ambaye hatembei bila kile kipimo cha kubana kidoleni, alikitoa mkobani kabla hata hajanisalimu. Oksijeni ilikuwa 98, na mapigo 41.

“Mjomba, umekula nini?”

“Sijala. Wali haujaletwa.”

Jibu hilo halikumsaidia. Shangazi alinivua viatu, mtu mwingine akanifungua vifungo vya kanzu, na mshereheshaji akapunguza muziki na kuwaomba wageni wasisogee upande wangu, jambo ambalo lilimfanya kila mgeni asogee. Nikanyweshwa kahawa chungu, kikombe juu ya kikombe, huku kile kidude kikiendelea kunibana kidole na kuonyesha namba ileile kana kwamba kimeganda. Ndipo kaka yangu, ambaye ni fundi magari na huamini kwamba injini iliyolala huamshwa kwa kusukumwa, aliponiinamia na kunipigia kelele sikioni: “Gari lako limegongwa huko nje, na aliyeligonga amekimbia!”

Gari lile halikuwa langu. Nilikuwa nimeliazima kwa mwajiri wangu. Nilihisi tumbo likinishuka, nikaona barua ya kuachishwa kazi ikiandikwa na kupigwa muhuri, na jasho likanitiririka mpaka kwenye kola, kwa sababu beta bloka haizuii jasho. Lakini kidoleni ikatokea 42. Nilipata pigo moja tu la ziada kwa gari zima la mtu.

“Mnaona?” Shangazi akawaambia wakwe, kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni. “Gari limegongwa na hashtuki. Ndiyo maana hata ukimdai mchango wa harusi hashtuki.”

Propranololi, beta bloka ya kwanza kuenea duniani, ilibuniwa na Mskoti James Black mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili kuupunguzia moyo kazi kwa wagonjwa wanaobanwa na kifua, na mwaka 1988 naye akapata Tuzo ya Nobeli. Wapo walioipenda kwa sababu nyingine: katika Olimpiki za Beijing za 2008, Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang’anywa medali zake mbili za kulenga shabaha kwa bastola baada ya dawa hiyo kuonekana katika vipimo vyake, maana mkono wa mtu ambaye adrenalini haimfikii hautetemeki. Usiku ule, mbele ya wakwe, nami ningelenga vizuri sana.

Hospitalini daktari wa zamu alinipima umeme wa moyo, akatuonyesha kwenye karatasi jinsi wimbi dogo la vyumba vya juu linavyochelewa kufuatwa na lile kubwa la vyumba vya chini: umeme ulikuwa unakawizwa katika kile kituo kilicho kati yao. Akauliza iwapo nilikuwa natumia dawa nyingine za moyo, yaani verapamili, diltiazemu au digoksini, kwa maana nazo hukawiza umeme katika kituo hichohicho, na zikikutana na beta bloka moyo unaweza kuzubaa kabisa. Shangazi akajibu kwa niaba yangu kwamba ukoo wetu hautumii dawa za kulevya.

Saa mbili usiku ilipofika nilimwomba daktari radhi, nikatoa kichupa mfukoni mwa kanzu na kujitilia tone moja katika jicho la kushoto, lenye presha ya macho. Alikipokonya kabla sijakifunga. Ilikuwa timololi, yaani beta bloka nyingine, niliyopewa katika kliniki moja ambako hakuna aliyeuliza nameza nini asubuhi. Tone hilo, alisema, halibaki jichoni. Hupita katika kijitundu kilicho kwenye kona karibu na pua, hunyonywa puani na kuingia katika damu bila kupita kwanza kwenye ini, ambalo lingelipunguza nguvu. Anayelitumia hufundishwa kubana kona hiyo kwa kidole kwa dakika mbili tatu. Mimi nilifundishwa kutikisa kichupa.

Nililazwa usiku ule, na sehemu yangu ya wali, nimeambiwa, aliila kaka yangu kwa masikitiko makubwa. Timololi ikasimamishwa. Atenololi ilipunguzwa nusu, wala haikukatishwa ghafla, kwa kuwa moyo uliozoea kuzuiwa ukiachiwa mara moja unaweza kwenda mbio vibaya. Mapigo yalirudi juu ya 55, na kwa jicho nikapewa latanoprosti, tone moja usiku, ambayo haiusumbui moyo.

Ina tabia yake moja: hurefusha kope na kuzitia weusi. Kwa kuwa naitia jicho moja, ni kope za jicho moja zilizorefuka. Shangazi aliponiona kwenye kikao cha kuvunja kamati ya harusi alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamwuliza mke wangu, bila kushusha sauti, ni saluni gani hiyo iliyonipamba, na kama fedha ya jicho la pili ilikuwa ndiyo ule mchango.