Rejista ya saratani na jina la mgonjwa

Mgonjwa mmoja anaweza kuingia mara tatu katika takwimu za saratani bila mtu yeyote kukusudia kudanganya. Kinyama kimepimwa kwenye maabara moja, upasuaji umefanyika hospitali nyingine, mionzi anaifuata ya tatu, na kila mahali karani anaandika mgonjwa mpya. Rejista ya saratani, yaani orodha rasmi ya wagonjwa wa ugonjwa huo, isipokuwa na jina, tarehe ya kuzaliwa wala namba ya utambulisho, itajuaje kwamba hao watatu ni mtu mmoja? Na aliyefariki nyumbani kabla ya kupimwa hamo kabisa.

Wanaotetea usiri wanapinga majina hayo kukusanywa bila ridhaa, na hofu yao ina msingi. Taarifa zikivuja mtu anaweza kunyimwa kazi au bima, au kutengwa hata na nduguze. Nchini Uingereza, mwaka 2000, mwongozo mpya wa baraza linalosimamia madaktari ulisisitiza ridhaa ya mgonjwa kabla ya taarifa zake kupelekwa kwenye rejista. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria iliyofungua njia ya kuzipokea bila ridhaa ya kila mmoja, kwa masharti. Naona waliamua sawa. Wanaokosa kuulizwa mara nyingi ni waliozidiwa au waliokwisha kufa. Ukiwaacha nje, takwimu zitaonyesha watu wanapona zaidi kuliko hali halisi.

Faida yake ilionekana Sweden. Watafiti waliunganisha kumbukumbu za chanjo na rejista ya saratani, na mwaka 2020 wakachapisha matokeo: waliopata chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya shingo ya kizazi, kabla ya kutimiza miaka 17 walikuwa na saratani ya shingo ya kizazi pungufu kwa asilimia 88 kuliko wasiochanjwa. Bila namba ya utambulisho ya kila mtu, jibu hilo lisingepatikana.

Hata hivyo, hesabu sahihi nayo yaweza kupotosha. Korea Kusini, baada ya upimaji wa thairoidi, tezi iliyo shingoni, kuenea, wagonjwa wapya wa saratani hiyo mwaka 2011 walifikia mara 15 ya kiwango cha mwaka 1993, ilhali vifo havikubadilika. Uvimbe mwingi uliogunduliwa haukuwa wa kumdhuru mtu, lakini maelfu waliondolewa tezi na sasa wanameza homoni maisha yao yote. Aliyetazama wagonjwa wapya peke yao angedhani ni mlipuko. Safu ya vifo ndiyo iliyofichua ukweli.

Kuna pia hoja ya fedha, kwamba badala ya kugharimia rejista heri zinunue dawa. Naielewa, ila anayenunua dawa bila kujua ni saratani gani imezidi na wapi, ananunua kwa kubahatisha.

Basi majina yaandikwe, yabaki kwa maofisa wachache walioapa kutunza siri, watafiti wapewe namba tu, na anayevujisha ashtakiwe. Karani naye apewe muda wa kujaza hatua ya ugonjwa, yaani saratani imeenea kiasi gani, kwa sababu bila hiyo hatutajua kama wagonjwa wanafika hospitali mapema au wamechelewa.