Saa nane usiku unampigia nani?

Mama yangu ana dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na kuchanganyikiwa, huu mwaka wa nne, na mimi ndo nakaa nae hapa Tanga. Kaka zangu wako Dar na Mwanza wanatuma hela, nawashukuru sana, ila hela haiamki saa nane usiku. Mama akiamka muda huo anafunga khanga zake fundo, anasimama mlangoni, anataka kwenda kwao. Miezi ya mwanzo nilikua nabishana nae, mama hapa ndo kwako, si ile picha ya baba ukutani, na ye anazidi kupandisha hasira mpaka ananipiga, mi nalia, majirani wanasikia, asubuhi mtu anakuvuta pembeni anakwambia huyo katupiwa kitu, mpelekeni kwa mtaalamu.

Aliyetutoa hapo ni nesi mmoja, namba yake nilipewa na binamu yangu. Anafanya kazi mkoa mwingine kabisa, mama hajawahi kumuona kwa macho. Nilimbipu akapiga. Akaniuliza kwao mama ni wapi, nikamwambia Pangani, akasema basi usimbishie, muulize Pangani kuna nani, mpikie chai mkae. Usiku ule mama akanisimulia minazi ya babu yake karibu nusu saa, akasinzia kwenye kiti.

Halafu mwaka jana akabadilika ndani ya siku mbili tu, hanijui, anaokota vitu hewani, chakula anatema. Nyumba nzima tukasema basi ugonjwa umepanda. Nesi akauliza maswali yake: imeanza lini hasa, mkojo unatoka vizuri, una harufu, choo kapata lini, dawa gani mpya umempa? Hapo moyo ukanipasuka maana nilikua nampa piritoni, alikua na mafua, na niseme ukweli zilikua zinamlaza na mimi nipate kulala. Akanieleza bila kunigombeza kwamba dimenshia kwa kawaida inaenda taratibu, mtu akivurugika ghafla hivyo tafuta kitu kingine, UTI, upungufu wa maji, choo kigumu au dawa, na piritoni zenyewe zinaweza kumvuruga zaidi mzee mwenye ugonjwa huu. Acha hizo, mpeleke leo akapimwe mkojo. Ilikua UTI. Baada ya siku kama tano mama akaanza tena kuniita jina la dada yake, kama zamani, na nilishukuru Mungu.

Kwanini kitu kama hiki nikipate kwa bahati ya binamu? Utafiti uliofanyika vijijini Wilaya ya Hai kule Kilimanjaro, majibu yake yakatoka 2013, ulikuta karibu asilimia 6.4 ya wazee wa miaka 70 na zaidi wana dimenshia. Hao wote wana mtu wa kuwaogesha. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema anayemuuguza ndugu mwenye ugonjwa huu hutumia wastani wa saa tano kwa siku, na asilimia 70 ya saa zote hizo ni za wanawake. Hao WHO tangu 2019 wana mafunzo ya mtandaoni yanaitwa iSupport, ni mazuri, lakini mtu ambaye mama yake yuko mlangoni na fundo la khanga hafungui somo la pili.

Wizara ya Afya ina namba 199 ya kupiga kuuliza mambo ya afya, bure, na mi nasema huduma ya nesi wa simu kwa walezi ianzie hapohapo. Ila mlezi apewe nesi wake mmoja, wa siku zote, maana kilichonisaidia mimi ni kwamba yule anajua mama wa wiki iliyopita alikuaje. Na nesi ndo apige, mara moja kwa wiki hata kama hakuna tatizo, kwa sababu sisi hatupigi, tunaona aibu, tunasema si uzee tu. Simu ya kawaida ya kitochi inatosha, watu wasije na programu inayokula bando. Uingereza wapo manesi wa kazi hii tu wanaitwa Admiral Nurses, wanahudumia familia na wana laini yao ya simu, kwahiyo siombi kitu cha ajabu.

Najua simu haigeuzi mgonjwa kitandani. Mama alipoanza kidonda kisiginoni nilimpiga picha nikatuma WhatsApp, kisigino tu, nikamuomba nesi akishaona afute, na mikono ilikua inatetemeka kwa sababu ni mwili wa mama yangu ule. Huduma kama hii lazima iwe na kanuni za picha, mzee hawezi kujitetea. Na nesi alipwe! Tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, dakika za nesi kwenye simu ziingizwe humo zihesabike kama tiba. Yule wa kwetu nikimtumia elfu tano anairudisha.

Mwezi uliopita namba yake nimempa wifi yangu wa Handeni anayemuuguza baba yake, na ye kampa jirani. Sa hivi tuko familia nne kwenye simu ya mtu mmoja ambaye bado anaingia zamu ya usiku wodini.