Mawe 17 ya Marehemu Babu

Sharti la familia lilikuwa moja tu: saa ya marehemu ifunguliwe sebuleni kwao, Ngamiani, mbele ya warithi wote, na mawe yake 17 yahesabiwe kabla sijaigusa na baada ya kumaliza. Kijana mmoja alikuwa amewasomea kwenye simu kwamba mashine ya aina ile ina mawe 17, na Baba Mdogo akasema mafundi saa wa Tanga anawajua: unampa saa ya mawe, anakurudishia ya kokoto.

Mawe yenyewe ni rubi za kiwandani. Yanawekwa pale ncha za magurudumu zinapozungukia ili chuma kisisage chuma. Yakusanye yote 17, hupati hela ya kilo ya sukari. Nililisema hilo, nikazidi kushukiwa.

Kabla ya kufungua tulisoma mgongo wa saa. Ilikuwa Seiko 5. Tarakimu nne za kwanza kabla ya kistari, 7009, ndizo namba ya mashine. Zinazofuata ni za kasha. Halafu kuna namba ndefu peke yake: tarakimu yake ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi. Oktoba huandikwa 0, Novemba N, Desemba D. Hii ilianza na 84, yaani Aprili, 1978 au 1988, maana mashine ya 7009 ilianza kuundwa nusu ya pili ya miaka ya 1970.

"Hapana," akasema Baba Mdogo. "Saa hii marehemu alipewa na DC, Mwingereza, kabla ya Uhuru."

Nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba Seiko 5 ya kwanza ilitoka 1963, na wakati huo DC wa Kiingereza alishafunga mizigo.

"Basi alimtumia kwa posta."

Shangazi alikuwa anasubiri nafasi hiyo. Saa ilitoka Muscat, akasema, babu alirudi nayo mwaka aliozaliwa Salimu. Salimu alikuwa amekaa pale na ndevu zake, mzaliwa wa 1988. Na kweli gurudumu la siku lilikuwa la Kiingereza na Kiarabu, la saa zilizouzwa sana nchi za Ghuba. Baba Mdogo akanyamaza, kisha akasema DC alikuwa na ndugu Muscat.

Nilifungua mfuniko. Wakainama, wakahesabu mawe. Wakafika sita.

"Kumi na moja yako wapi?"

Mengine yamefunikwa na madaraja ya mashine, yaani vyuma vinavyoshikilia magurudumu, mengine yako upande wa uso. Hawakuniamini, ikabidi nishuke huko chini. Ukitaka kuitoa mashine ya 7009, bonyeza kitobo kidogo kilicho karibu na shina la kifungo cha pembeni, shina litatoka lenyewe, hulivuti kwa nguvu. Juu ya uso unaweka kipande cha nailoni kabla ya kung'oa mishale, usiuchubue. Chini ya uso ndiko kuna sahani ya tarehe, na juu yake ya siku, iliyoshikwa na kibanio cha chuma chembamba chenye umbo la mwezi mwandamo. Hicho kibanio ndicho adui. Kinaruka hata kwa fundi mzee, kwa hiyo ukikifungua unakibana kwa kidole huku na kibano kule.

Nikakitoa salama, nikakiweka kwenye kisahani pamoja na mshale wa sekunde.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kuzima pangaboi. Ukarudi. Pangaboi lilikuwa namba tano.

Shangazi akapiga ukelele, Salimu akasimama, mtoto mmoja akakimbilia fagio. Nikampigia kelele aliache! Kitu kidogo kikipotea chini hufagii. Unafunga mlango, hakuna anayetembea, unazima taa na kulaza tochi sakafuni ili mwanga upite ubavuni. Chuma kinameta au kinatupa kivuli kirefu kuliko chenyewe. Basi warithi wote wakapiga magoti gizani, kila mmoja na simu yake, na jirani aliyechungulia dirishani akaitikia "Amin".

Mshale wa sekunde ulionekana kwanza. Ulikuwa umesimama wima kwenye halua.

Hapo usikimbilie benzini. Sukari haiyeyuki kwenye benzini. Niliuloweka kwenye maji ya uvuguvugu, nikaukausha, ndipo nikaupitisha kwenye benzini kutoa samli. Salimu aliuliza kama halua iliyobaki inalika.

Kibanio kilipatikana kwa njia ya Baba Mdogo. Aliingia stoo, akarudi na sumaku ya spika ya redio ya zamani, akaiburuta chini ya makochi. Ikatoka na pini mbili, sindano ambayo Shangazi alikuwa amemsingizia mkwewe, na kibanio chetu. Wakampigia makofi. Naye kwa furaha akaiweka sumaku mezani, kando kabisa ya mashine iliyo wazi.

Nilipoirudishia na kuitingisha, saa ilikimbia. Mpaka tunamaliza chai ilishatutangulia dakika kadhaa. "Imepata nguvu," akasema Baba Mdogo. Nguvu gani! Ni ile kamani ndogo ya balansi, gurudumu linaloyumba huku na huku kupima mwendo wa saa: ikiingia sumaku mizunguko yake inagandana, inakuwa kama imefupishwa, na balansi inapiga haraka. Balansi ya 7009 inatakiwa ipige mara 21,600 kwa saa. Kuthibitisha, unaisogeza saa kwenye dira. Sindano ikicheza, ndiyo hiyo. Dawa yake ni kifaa kidogo cha umeme cha kutolea sumaku: unaweka saa juu, unabonyeza, na kidole kikiwa bado kimebonyeza unaivuta saa polepole mpaka urefu wa mkono, ndipo unaachia. Ukiachia saa ikiwa bado juu yake, unaweza kuipa sumaku upya.

Kazi iliyobaki ilifanyika dukani, Salimu akiwa mlinzi wa mawe. Vyuma viliogeshwa kwenye benzini, ila ile nanga yenye mawe mawili, inayoshika na kuachia meno ya gurudumu, haikulowekwa kwenye spiriti, kwa sababu mawe yake yamegandishwa kwa lakiri na spiriti inaila. Oili ya Moebius 9010 kwenye ncha za balansi, tone lisiloonekana bila lenzi. Raba mpya ya mfuniko. Kioo nilikibadilisha. Kuna mtu alikuwa amekisugua na dawa ya meno, na dawa ya meno inang'arisha kioo cha plastiki. Hiki ni Hardlex, kioo kigumu cha Seiko, kilichobadilika ni harufu tu. Salimu alitazama pembeni.

Nikairudisha, ikisoma 5:10 jioni. Bibi, ambaye siku zote hizo hakusema neno, akaishika, akaitazama.

"Fundi, umeiharibu. Sasa hivi ni saa kumi na moja."

Marehemu alikuwa akiivaa kwa saa za Kiswahili: saa kumi na moja, mshale kwenye 11. Na alipanga 12 ya kugeuza tarehe iangukie magharibi, ili Alhamisi jua likizama saa ianze kuingia Ijumaa. Nikazungusha mishale nikimwonya Baba Mdogo: saa hii haigeuzwi tarehe wala siku kwa kifungo mashine inapojiandaa kuzigeuza yenyewe, meno yake yatavunjika. Kwa wengine ni saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri. Kwa mpango wa marehemu, ni saa tisa alasiri hadi saa nne usiku.

"Yaani saa za barazani?"

"Ndizo hizo."

"Na haitiwi ufunguo?"

"Haitiwi. Unaitingisha."

Akaitikia kwa kichwa, akaivaa, akatoka barazani kuwaonyesha wenzake saa ya DC. Kabla sijafunga mkoba nikasikia mmoja anauliza, "Mbona imeandika Kiarabu?" na Baba Mdogo anajibu, "Ngoja nikuletee ya Kiingereza," halafu kifungo: tak.