Wakubwa Waje Kwetu Lamu, Tumechoka Kuwafuata

Jana baada ya alasiri nimekaa barazani na kikombe changu cha kahawa, mtoto wa kakangu akapita mbio na mpira kwapani, ana miaka 11 huyo, nikamwita nikamuuliza tu hivi hivi, kombe la Kenya msimu wa 2024/25 alichukua nani? Akasimama akafikiri. "Gor, ami." Nikamwambia Gor alifungwa fainali. "Basi Leopards." Wala. Hapo akashindwa. Alafu nikamuuliza la Ujerumani na hakuvuta hata pumzi: Stuttgart, ami, 4-2, na waliofungwa ni Bielefeld, timu ya daraja la tatu, ilikua ishamtoa Leverkusen nusu fainali. Akaenda zake na mpira wake, mimi nikabaki na kahawa mpaka ikapoa.

Simlaumu mtoto. Mtoto ajua alichooneshwa. Lakini lilinikaa rohoni usiku kucha, manake fainali yetu sisi ilikua na utamu wake kushinda hata ile ya Ujerumani iliyochezwa Berlin, na hapa Lamu ilipita kimya kama vile imechezwa nchi nyingine.

Kwa waliosahau: Nairobi United, timu iliyokua bado supa ligi, daraja la pili, ilikutana na Gor Mahia mwisho wa Juni 2025 pale Ulinzi Complex na ikamfunga 2-1. Gor huyu aliyekua na ligi 21 wakati ule. Gor aliyeleta kombe la klabu za Afrika Kenya mwaka 1987. Na msimu huo huo hawa Nairobi United wakabeba na supa ligi yao wakapanda ligi kuu, alafu wakaingia Kombe la Shirikisho la Afrika wakamtoa Etoile du Sahel ya Tunisia kwa matuta mpaka wakafika hatua ya makundi. Vijana waliokua jana wacheza viwanja ambavyo hakuna kamera! Mimi siku ile ya fainali hata picha sikuona, kusi yavuma, mtandao waja waenda, rafiki yangu aliyeko Nairobi ndo alikua akinitumia sauti kwa WhatsApp, na ya mwisho haikua na neno ndani yake, ni makelele matupu kama nusu dakika, nikajua basi yamekwisha na mdogo kashinda.

Mwaka ule ulikua wa wadogo kila mahali kwa kweli. Uingereza Crystal Palace alimpiga Manchester City 1-0 Wembley akapata kombe lake kubwa la kwanza, Bologna kachukua la Italia ambalo hakulishika tangu 1974, Uholanzi nako Go Ahead Eagles. Hayo yote vijana wa hapa wayajua kwa kichwa. Hili la nyumbani hawalijui, na mimi sikubali kwamba ni kwa sababu hawaipendi nchi yao au hawapendi mpira wa nyumbani, hilo nimelisikia sana na si kweli. Mtu hulipenda kombe likimfikia. Likimpitia mbali miaka yote atapenda lipi?

Basi hoja yangu ni moja tu na nitaisema mpaka nichoke. Kwenye kombe la taifa, timu ya chini ikipangwa na timu ya ligi kuu, ya ligi kuu ndo isafiri. Isiwe bahati ya kikaratasi nani yuko nyumbani. Mdogo awe nyumbani kila mara, mpaka nusu fainali.

Na hili sikulitoa kichwani mwangu. Huyo Bielefeld ambaye mtoto wa kakangu amjua hakufika Berlin kwa miujiza. Ujerumani timu ya daraja la tatu kwenda chini ikipangwa na wale wa madaraja mawili ya juu, mechi yachezwa kwao. Kwa hivo tizameni safari ya Bielefeld msimu ule: Hannover alikuja Bielefeld. Union Berlin akaja Bielefeld. Freiburg akaja. Werder Bremen akaja. Leverkusen, bingwa mtetezi wa kombe lenyewe, akaja naye akapigwa 2-1 mbele ya watu wa mji ule. Mechi tano na hawakupanda basi kwenda ugenini hata siku moja mpaka fainali. Ufaransa timu ikiwa chini kwa madaraja mawili ndo yacheza nyumbani hata kama droo imeitoa ya pili. Hispania tangu 2019/20 raundi za mwanzo ni mechi moja na yachezwa kwa mdogo, Real Madrid na Barcelona waenda vijiwanja vya watu ambavyo ukuta wake wapakana na nyumba za watu. Na hawafi. Wacheza, washinda mara nyingi, wapigwa mara moja moja, na mji ule wabaki na hadithi ya miaka hamsini.

Waingereza walienda kinyume, msimu huo huo wa 2024/25 wakafuta mechi za marudio kuanzia raundi ya kwanza, na timu ndogo zikalalamika vikali kwa sababu marudio kwa mkubwa ndo yalikua yakizilisha. Tusiige hilo.

Sasa niwaambie kwa nini hili laniuma mimi, manake mtu wa Nairobi anaweza kusoma hapa akaona ni mambo ya ratiba tu.

Miaka kadhaa nyuma timu ya vijana wa mtaa wetu huku Langoni ilifuzu kwenda kucheza bara, mechi ya mtoano, ukifungwa warudi nyumbani. Nilikua nao, mimi kazi yangu kubeba maji na daftari la pesa. Pesa zenyewe tulichanga wiki mbili, mabaharia walitoa, wenye maduka walitoa, kuna mama mmoja auza mahamri alinipa shilingi mia mbili za sarafu ndani ya karatasi ya gazeti na akaniambia hizi ni za maji ya watoto. Tukatoka alfajiri baada ya sala, boti mpaka Mokowe, pale tukapanda matatu tuliyokodi, tukapita Witu salama na kabla hatujafika Garsen gari likakata. Jua la saa tano. Tulikaa pale mpaka alasiri ndo fundi akapata spea, na vijana chini ya kivuli cha mti mmoja, watu kumi na wanane kivuli cha mti mmoja. Tukafika tulikokua twaenda isha ishaadhiniwa. Tukalala chini kwenye madrasa, Mungu awalipe kheri waliotufungulia, wali tulikula saa tano usiku.

Mechi saa nane mchana siku ya pili.

Kipindi cha kwanza wallahi tuliwabana. Hakuna bao. Namba sita wetu alikua akicheza kama mtu ana watu wawili ndani yake, kila mpira wake, kila kona yeye. Alafu dakika ya sitini ikaanza, mmoja kakaza msuli, wa pili kakaza msuli, namba sita mwenyewe akaanguka akainuka akaanguka tena, nikamuona ashika nyasi kwa mikono miwili hataki kutoka. Tatu bila. Ile timu iliyotufunga haikua inatushinda mpira, wao walilala vitandani kwao, wakala kwa mama zao, wakaja uwanjani kwa miguu. Safari ndo ilitufunga. Na njiani kurudi hakuna aliyesema neno mpaka tulipoona maji ya Mokowe.

Wale vijana wengi hawakucheza tena mashindano. Si kwa hasira. Hakuna aliyekua na nguvu ya kuchangisha tena, hata mimi daftari nililifunga.

Na nikisema haya lazima niseme na la kwetu. Sisi wa mji wa Lamu twawafanyia wa Faza na Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, mambo yale yale. Mashindano yakiwa hapa mjini wao ndo waje, na kuja kwao ni kuangalia maji, Mkanda, ule mlango wa bahari wa njiani, hupiti maji yakiwa yamekupwa, kwa hivo timu yatoka kwao saa ambayo bahari imetaka na yafika hapa imelowa chumvi mpaka soksi, alafu twawaingiza uwanjani tukawafunga tukajisifu. Kwa hivo kanuni hii ninayoitaka juu nataka ianzie huku chini. Sisi pia twende Faza.

Najua majibu. Nimeyasikia barazani, nimeyasikia kwa simu.

Kiwanja. Haya, nakubali, viwanja vyetu havina hadhi, mchanga mwingi, uzio hakuna, chumba cha kubadilisha nguo hakuna. Lakini mimi nshaishi vya kutosha kujua kiwanja hakijengwi kwa sababu ni kizuri kuwa nacho, chajengwa kukiwa na tarehe. Mwambie mtu yeyote mwenye cheo hapa kwamba Gor Mahia wafika tarehe fulani mwezi wa nne na nchi nzima itakua yatazama, uone greda itapatikana au haitapatikana. Na ikishindikana kabisa mwaka wa kwanza, basi tucheze Malindi, ndo karibu, angalau watu wa Lamu na Tana River waweza kufika wakarudi. Mechi za CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, za 2025 upande wa Kenya zote zilikua Nairobi, Kasarani na Nyayo, hata moja haikushuka pwani. Tumezoea mno.

Usalama. Hili silifanyii mzaha hata kidogo. Juni 2014 Mpeketoni watu waliuawa na wengine walikua wamekaa kutazama Kombe la Dunia, mtu katoka nyumbani kwenda kuangalia mpira hakurudi. Sisi twaijua hiyo barabara kuliko anayetuogopesha nayo. Lakini ni barabara hiyo hiyo ambayo vijana wetu waambiwa waipite kwenda kucheza kwa wenzao, kwa matatu ya kukodi, bila askari. Kama ni hatari kwa mchezaji wa ligi kuu ni hatari kwa mtoto wa Langoni. Tena mkubwa ana njia nyingine, ndege zatua Manda kila siku na watalii, kutoka pale ni kuvuka maji tu. Sisi ndo hatuna pesa ya ndege.

Gharama. Umbali wa Nairobi kuja Lamu na Lamu kwenda Nairobi ni ule ule mmoja. Swali ni nani ana uwezo wa kuubeba, na jibu kila mtu alijua.

Kuna na wale watakaosema Nairobi United alishinda bila kanuni yoyote ya nyumbani. Ni kweli, shingo upande nakubali. Lakini Nairobi United ni wa Nairobi. Fainali ilichezwa Nairobi. Waliamka kwao wakaenda wakashinda, na ndo ninachosema tangu juu: mdogo akiamka kitandani kwake, akala kwa mamake, aweza kumfunga mtu yeyote.

Bandari wa Mombasa alipochukua kombe hili 2015 na tena 2019 sisi tulishangilia kama ni letu, pwani ni pwani. Lakini Mbaraki, kiwanja chao, kutoka hapa ni safari ya mchana mzima, kuna watu wazima hapa mtaani, wenye wajukuu, waijua Gor wachezaji wote kwa majina tangu miaka ya themanini kupitia redio na hawajaiona ikicheza kwa macho yao hata siku moja.

Na jina la kombe nalo libaki moja jamani. Kila mdhamini na lake, GOtv, SportPesa, Betway, Mozzart Bet, mtoto atashika lipi.

Yule namba sita sasa ni nahodha, ana boti yake ya abiria, Mokowe na Lamu kutwa mara nne tano. Juzi nilivuka naye, nikakaa nyuma karibu na mashine tukaongea haya haya ninayoandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yake mbele. Akaniuliza, "Gor wako wangapi wakisafiri?" Nikamwambia na makocha labda thelathini. Akapiga hesabu ya boti. Akasema safari mbili, na nauli hatawatoza.