Si kila damu ni mimba kutoka
Mwandishi umesema damu ikionekana miezi mitatu ya mwanzo, mimba ndiyo imeshatoka. Hapana jamani, mnatutisha bure. Mwaka juzi, niko zangu Ngamiani hapa Tanga, wiki ya tisa, nikaona matone ya kahawia kwenye kanga. Mama mkwe akaanza kulia kama kuna msiba! Ultrasaundi ikaonyesha damu imejikusanya kati ya mfuko wa mimba na ukuta wa kizazi, moyo wa mtoto unapiga. Bonge dogo mara nyingi hunyonywa na mwili wenyewe. Likiwa kubwa ndipo hatari ya mimba kutoka huongezeka. Ila damu ikija na maumivu makali ya tumbo au kizunguzungu, kimbilia hospitali, huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Mwanangu sasa anafukuza kuku uani.