Hii nayo ni baiskeli?

Siku ile nilipewa kazi ya ushikaji, na sisemi ushikaji wa kupiga soga kijiweni. Unasimama mwisho wa njia. Kinakujia kitu chenye umbo la samaki, kimezibwa kila upande, na ndani yake kuna mtu aliyelala chali ambaye hana namna ya kutoa mguu akakanyaga chini. Mwendo ukishapungua, unakimbia nacho sambamba na kukidaka kabla hakijalala ubavu. Ukichelewa, kinalala.

Zilikuwa mbio za kasi za vyombo vinavyokwenda kwa nguvu za binadamu, kwenye njia ya magari iliyofungwa kwa siku nzima. Hakuna injini, hakuna betri ya kusukuma. Ni miguu, mnyororo na magurudumu. Nilidhani ningerudi nyumbani nimeshiba vumbi na kelele, kumbe sehemu kubwa ya siku ni kukaa. Mnakaa mkikitazama kipimaupepo kama wavuvi wanaotazama bahari. Ili rekodi ya mita 200 ikubaliwe, upepo hautakiwi kuzidi takriban kilomita 6 kwa saa, yaani ule wa kutikisa majani tu. Ukivuma kwa nyuma unakuwa umekubeba, na ukivuma kwa ubavuni ni hatari zaidi, kwa sababu chombo ni chepesi na ubavu wake ni mpana kama tanga. Asubuhi tulipoteza zaidi ya saa mbili hivyo. Wengine walilala kwenye nyasi.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kumfunga mwendeshaji. Dada tuliyekuwa tukimhudumia alijiingiza kwa makalio kwanza, akateleza mpaka mabega yakagusa kuta pande zote mbili, akatafuta pedali kwa vidole vya miguu. Tukamfunika kwa nusu ya juu ya ganda, kisha mwenzangu akapita kwenye maungio yote na utepe wa gundi, akiukandamiza kwa dole gumba taratibu, kwa sababu ufa mdogo tu unatosha kuvuruga hewa inayopita juu ya ganda. Kioo kikaanza kuingia ukungu wa pumzi yake hata kabla hajaanza kukanyaga. Akasema kitu. Sauti ikatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Mwenzangu akainama, akasikiliza, akaniambia, "Anauliza kwa nini tunachelewa."

Hapo ndipo mzee mmoja, amevaa nguo za kubana za mbio za barabarani, miguu imekomaa kwa miaka ya baiskeli, alipotusogelea na kuuliza: "Hii nayo ni baiskeli?" Kabla hatujajibu akajijibu mwenyewe kwamba huo ni ujanja tu, kinachokimbia ni ganda, si mtu. Mikono yangu ilikuwa imeshikilia ubavu wa chombo, sikuweza kubishana. Nabishana sasa.

Swali lake ni la zamani kuliko yeye. Mwaka 1933 mjini Paris, Francis Faure alilala kwenye baiskeli iliyobuniwa na Charles Mochet, akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja. Rekodi aliyoivunja, ya Oscar Egg, kilomita 44.247, ilikuwa imesimama tangu 1914. Faure hakuwa miongoni mwa vinara wa wakati wake, na nadhani hilo ndilo lililouma zaidi. Mwaka uliofuata shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, likaandika upya maana ya baiskeli ya mashindano, na ile ya kulalia ikabaki nje. Haijarudi mpaka leo.

Sina ugomvi na kanuni yenyewe. Mkitaka kushindanisha watu, lazima mkubaliane juu ya chombo, la sivyo mwenye karakana nzuri anamaliza mchezo kabla haujaanza. Ugomvi wangu ni pale tunaposahau kwamba tulikubaliana, tukaanza kuzitaja rekodi zile kana kwamba ndizo kikomo cha mwili wa binadamu. Zile ni kikomo cha mtu aliyeinama juu ya baiskeli ya umbo fulani, huku kifua na mapaja yakipigana na hewa.

Na hewa ndiye mpinzani halisi. Yeyote aliyewahi kuendesha dhidi ya upepo anajua, ila hesabu yake ni kali kuliko tunavyohisi. Ukiongeza kasi mara mbili, hewa inakuzuia kwa nguvu mara 4, na miguu inatakiwa kufanya kazi mara 8 kila sekunde ili kuishinda. Ndiyo maana mtu akiongeza mazoezi mwaka mzima anapata nyongeza ndogo tu ya kasi. Mlaze chali, mfunike ganda laini, na miguu ileile inafungua ukurasa mwingine kabisa. Mwaka 2022 Filippo Ganna, mmoja wa watu wenye nguvu zaidi kuwahi kupanda baiskeli, alikwenda kilomita 56.792 kwa saa kwa kanuni za UCI. Miaka sita kabla yake, Francesco Russo alikuwa ameshakwenda kilomita 92.43 kwa saa akiwa ndani ya ganda. Mzee wangu, hiyo tofauti si injini. Ni hewa iliyokosa pa kushika.

Mahali ambapo jambo hili limefika mbali zaidi ni Battle Mountain, Nevada, nchini Marekani. Tangu mwaka 2000 wamekuwa wakikutana huko, kwenye barabara ya jangwani iliyonyooka na karibu tambarare, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari ambako hewa imeanza kuwa nyepesi. Unapewa kilomita 8 hivi za kujikusanya, kisha unapimwa kwenye mita 200 za mwisho. Mwaka 2016 Todd Reichert, mhandisi wa Kanada, alizipita kwa kilomita 144.17 kwa saa. Piga hesabu: sekunde 5 tu. Chombo chake, Eta, hakikuwa hata na kioo cha mbele; alitazama njia kupitia kamera na skrini. (Timu yake ndiyo ileile ambayo mwaka 2013 iliinua helikopta kwa pedali, kwa hiyo tusishangae sana.) Miaka mitatu baadaye, palepale, mwanamke Mfaransa, Ilona Peltier, akafikisha kilomita 126.52 kwa saa. Gari lingetozwa faini kwenye barabara nyingi tu kwa kasi hiyo.

Mzee alikuwa na haki katika jambo moja, ingawa hakulisema. Ganda zuri la nyuzi za kaboni si la kila mtu. Ni miezi ya kazi ya mikono, kalibu ya kuliumbia, msasa juu ya msasa, na ndiyo maana vingi vya vyombo hivi hutoka kwenye timu za vyuo vikuu zenye karakana na vijana wasiolala. Pia rekodi huandikwa kwa jina la mtu mmoja, wakati chombo hiki hakiwezi kuondoka bila watu wa kukishikilia wala kusimama bila watu wa kukidaka. Naipendelea kazi yangu ya ushikaji hapo, najua.

Jioni upepo ulitulia kabisa, kukawa na utulivu ule wa jua likikaribia kuzama. Dada akapewa mkimbio wa mwisho. Hatukusikia chochote, mpaka mvumo wa tairi ukatokea, mwembamba, kama mtu anachana kitambaa kirefu. Akatupita. Akapunguza, akageuza, akarudi upande wetu, nami nikaanza kukimbia.

Kile ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba ganda lililosuguliwa mpaka hewa ikose pa kushika, na mtu naye hukosa pa kushika. Viganja vyangu vilikuwa na jasho, vikateleza kutoka mbele hadi mkiani, chombo kikalala ubavu taratibu na kuburuzika hatua kama tatu. Tukabandua utepe kwa kucha. Ganda lilipofunguka ulitoka mvuke kama wa sufuria, akaonekana yeye, nywele zimeloa, amelala kwa ubavu vilevile, hata hajaomba kuinuliwa.

"Ngapi?" akauliza.

Nikamwambia sijui, nilikuwa nakimbia.